Huduma ya kutafuta tuliodungana nao na kupima ukoo wa kirusi cha Ukimwi: nyota nne, ya tano nimeibakisha

Nimeona watu wengi wanauliza kuhusu ile huduma ya kupigiwa simu unaambiwa kuna mtu mliyekuwa karibu amepimwa akakutwa na virusi vya Ukimwi, njoo nawe upimwe, na ile nyingine inayoendana nayo ya kuchukua damu kuangalia ukoo wa kirusi, na majibu mengi wanayopewa yanatoka kwa watu ambao hata pale hawajakanyaga, huyu anasema ni mtego wa polisi, yule anasema wazungu wanauza damu zetu. Mimi nimepita pande zote mbili, nimepigiwa simu na baadaye nikatoa majina, kwa hivyo wacha niandike niliyoyaona. Kituo sikitaji wala mtaa sisemi, niko Pwani ya Kenya hiyo inatosha, manake yako mabaya ntayasema na sitaki nesi mmoja alaumiwe kwa mambo yanayoamuliwa na wakubwa.

Mimi ni mwanamke, nimetumia unga, yaani heroini, miaka sita, nikaanza na kuvuta kwenye kokteli, sigara ya bangi iliyotiwa unga, kisha bomba la sindano. Wanaoijua maskani, pale tunapokusanyika kujidunga, wanajua inavyokuwa, asubuhi una arosto, ile hali ya mwili kukosa unga, mwili unauma, mafua yanachuruzika, tumbo linakata, mko wanne mna kete mbili za unga na bomba moja, hapo nani atauliza hili bomba limetoka wapi? Na si bomba peke yake, kifuniko mnachopikia ni kimoja, pamba moja, maji ya kusuuzia ni yale yale. Dar es Salaam watafiti waliandika jambo zito zaidi mwaka 2005, mtu asiye na pesa alikuwa anapewa na mwenziwe damu iliyovutwa kwenye bomba baada ya kujidunga, wakiamini damu ile ina unga wa kutosha kutuliza arosto, na wengi waliofanya hivyo walikuwa wanawake. Mimi sikuifanya lakini naielewa kabisa, ile ilikuwa huruma, unamwona mwenzio anajikunja chini huna kete ya kumpa unampa ulichonacho. Watu wa nje wakisikia wanatema mate, mi nikisikia nalia.

Sasa simu. Simu ya kwanza haikunifikia mimi, ilipokewa na kakangu kwa sababu laini yangu wakati huo ilikuwa kwake, yangu nilishaiuza. Aliyepiga akasema anatoka kliniki anamtafuta fulani, akakata aliposikia sauti ya mwanamume. Hakusema ugonjwa, hiyo nampa heko, lakini nyumbani kwetu neno kliniki peke yake lilitosha, kakangu akanikalisha chini maswali mpaka magharibi, una mimba, una nini, mama akawa anasikiliza mlangoni. Mtu anayepigia mateja, yaani sisi watumiaji wa unga, simu ajue mateja hawana simu, leo anayo kesho ameiuza, kwa hivyo namba uliyopewa usidhani ni ya mwenyewe. Hapo nyota nusu imekwenda.

Mara ya pili wakafanya vile ilivyotakikana tangu mwanzo, akaja mtu. Na si mgeni, alikuwa mwelimishaji rika ambaye alikuwa nasi maskani zamani, nimeshamwona kwenye arosto naye ameshaniona, akakaa chini na sisi akagawa mabomba mapya na vitambaa vya spiriti kama kawaida yake, alipopata nafasi akaniambia pembeni, dadangu, kuna mtu ulikuwa unadungana naye amepimwa akakutwa na virusi, simtaji na usiniulize, ila ningependa na wewe upimwe, nitakwenda na wewe mpaka mlangoni. Basi. Hakunihubiria, hakuniambia acha unga kwanza. Nikamwambia kesho, kesho nikamkimbia, kesho kutwa nikaenda.

Ndani ya kituo nimehudumiwa vizuri na nasema kwa moyo wote. Nilidungwa kidole, nikasubiri kidogo, kaunsela akanipa majibu mlango umefungwa na simu yake ameizima. Nilikuwa na virusi. Siku hiyo hiyo nikapewa dawa za ARV, kidonge kimoja kwa siku, akanieleza kwamba nikizimeza bila kuruka kiwango cha virusi kitashuka mpaka mashine isikione na hapo sitamwambukiza mwanamume kwa kulala naye. Kwa bomba akasema tusitegemee hilo, kila mtu na bomba lake jipya kila mara, manake kirusi kinakaa ndani ya bomba kuliko tunavyodhani, maabara wamewahi kukikuta kingali hai baada ya zaidi ya mwezi. Mimi miaka yote nilidhani bomba likikauka limekuwa safi.

Ndo hapo nkaulizwa kama nakubali damu ya mshipa ichukuliwe kwa ajili ya kuangalia ukoo wa kirusi. Wakasema ni hiari, nikikataa dawa napata vile vile. Na wakasema heri ichukuliwe sasa kabla dawa hazijafanya kazi, kwa sababu virusi vikishapungua sana kwenye damu hawapati cha kusoma. Nikauliza kusoma nini? Kaunsela yule (alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla, nadhani ndo maana anaeleza vizuri) akaniambia hivi. Kirusi kina maandishi yake, herufi kama elfu tisa na mia saba, na kila kikizaana kinajinakili na ni mvivu wa kusahihisha, kwa hivyo kinakosea kosea kila mara, na yale makosa yanarithiwa. Sasa wewe ni mwalimu umesahihisha mtihani, wanafunzi wawili wamepata majibu sahihi yaleyale, hilo halikuambii kitu, kila aliyesoma anaweza kupata. Lakini wakikosea makosa yaleyale, swali la nne wote wameandika upuuzi uleule kwa tahajia ileile, hapo unajua karatasi hizi zina undugu. Ndivyo wanavyofanya na virusi, wanasoma kipande cha maandishi kilekile cha kila mtu, mara nyingi kile wanachokisoma hata wakitaka kujua kama dawa zitakufaa, wanahesabu herufi zinazotofautiana, zikiwa chache sana, wengine huweka mpaka wa kama herufi 15 kwa kila 1,000, wanaviweka virusi hivyo kwenye kundi moja. Hapa Kenya aina iliyoenea zaidi ni A1, kwa hivyo wengi wetu tunafanana kwa mbali, lakini kufanana kwa mbali si undugu wa karibu.

Mimi sikusikia yote hayo kwa makini, nilikuwa na swali moja tu limenikaa kooni. Nikamwambia sawa, basi someni mniambie ni nani.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, dadangu, hatutakwambia, na hata tungetaka hatuwezi.

Nilikasirika, wallahi. Nilitukana. Nilikuwa na watu wawili kichwani na mmoja nilikuwa nimeshaamua ni yeye, nilishapanga la kumfanya. Na kama ningekuwa naandika maoni haya wiki ile ningewapa nyota moja, ningesema wana mashine wana damu zetu wanatuficha haki yetu. Leo nasema hilo la kukataa ndo jambo bora kuliko yote kwenye huduma ile, na wacha nieleze kwa nini kwa sababu naona ndo linalowasumbua wengi.

Rudi kwenye mtihani. Mwalimu ameona makosa yanafanana, anajua mmenakiliana. Anajua nani amemnakili nani? Hajui. Na pengine nyote wawili mmenakili kwa wa tatu ambaye alitoka mapema na karatasi yake haikukusanywa. Maskani wangapi hawajapimwa? Wangapi wameshakufa? Kwa hivyo hata virusi vyangu na vya yule niliyemshuku vingekuwa vya kundi moja, inawezekana mimi ndiye niliyempa, au wote tumepewa na mtu aliyekaa katikati ambaye hata simkumbuki sura. Kuna mbinu mpya zinazosoma virusi vingi vya mtu mmoja kwa pamoja na zinaweza kukisia mwelekeo ukichukua watu mamia kwa jumla, lakini kwa watu wawili tu kumnyooshea mmoja kidole si ushahidi. Mtu asije akakudanganya kwamba damu itasema jina.

Na ukiangalia mambo yaliyotokea kweli duniani, kusoma ukoo wa kirusi kumewasafisha watu waliosingiziwa. Kule Benghazi, Libya, watoto zaidi ya 400 waliambukizwa kwenye hospitali ya watoto, wakakamatwa manesi watano kutoka Bulgaria na daktari mmoja Mpalestina, wakahukumiwa kifo kwa kuambiwa wamefanya makusudi. Mwaka 2006 wanasayansi wakasoma virusi vya watoto wale wakaona ukoo ule ulikuwa tayari unazunguka pale hospitalini kabla manesi hao hawajafika Machi 1998. Waliachiwa 2007. Na hapa jirani Uganda, upande wa Rakai kwenye Ziwa Victoria, wavuvi walikuwa wanaambiwa wao ndo mzizi wa ugonjwa, kwa sababu kule visiwani na mialoni karibu watu wazima wanne kati ya kumi walikuwa na virusi. Utafiti uliotoka 2020 ulisoma virusi vya wavuvi na vya watu wa bara, ukaona virusi vilikuwa vinaingia kwa wavuvi kutoka bara zaidi ya vinavyotoka kwao. Niliposikia hilo nikatufikiria sisi mateja. Sisi pia tunaitwa mzizi. Kila mama mtaani anajua ugonjwa umetoka maskani, hakuna anayejiuliza maskani uliingia kutoka wapi.

Basi kama jina hawakupi, faida yake nini? Faida ni kuona moto unawaka wapi kabla haujafika kwenye paa. Virusi vya watu kumi vikifanana karibu sawasawa maana yake havijapata muda wa kutofautiana, yaani watu hao wameambukizana juzi juzi, yaani kuna maskani saa hii inayoambukizana na wengine hawajapimwa. Hapo unapeleka mabomba, unapeleka wapimaji, unapeleka methadoni, ile dawa ya kunywa inayotuliza arosto. Mfano wake mkubwa ni mji mdogo unaitwa Austin, kaunti ya Scott, jimbo la Indiana huko Marekani, mji wenye watu kama 4,200 tu. Kaunti ile ilikuwa inapata wagonjwa wapya hawafiki watano kwa mwaka. Kufika Novemba 2015 walikuwa 181, karibu wote watu waliokuwa wakijidunga vidonge vya maumivu walivyoviyeyusha. Waliposoma virusi vya watu 159, vya watu 157 vilikuwa ndugu wa karibu. Fikiria hiyo, kirusi kimoja kimeingia kikapita nyumba kwa nyumba. Na kugawa mabomba kulikuwa marufuku kisheria kwenye jimbo lile mpaka gavana alipotoa ruhusa ya dharura Machi 2015, watu wameshaumwa. Wakagawa mabomba, wakatibu, maambukizi yakashuka sana. Na bado mwaka 2021 viongozi wa kaunti wakapiga kura huduma ile ifungwe. Mimi hapo nakosa maneno.

Hapa kwetu tuliwahi kuanza kuliko wengi Afrika na tujue hilo, Muhimbili kule Dar walifungua kliniki ya methadoni 2011, sisi Kenya ikaja hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014 kisha Malindi, mabomba safi yalianza kugawiwa kabla ya hapo. Na ule utafiti mkubwa wa kufuata wenza wa kudungana na wa kulala nao, pamoja na kusoma ukoo wa virusi, ulifanyika Nairobi na hapa Pwani kuanzia 2018, wakianzia na watu karibu elfu moja wanaojidunga na wenye virusi. Kwa hivyo anayesema hii ni kitu cha ajabu kimeletwa jana hajui. Utafiti ule ulihitajika, manake hesabu za wakati ule zilikuwa zinasema karibu 18 kwa kila 100 ya wanaojidunga Kenya wana virusi, mara tatu ya watu wengine. Na unga hautakwisha kesho, unaingia na majahazi kutoka pwani ya Pakistan na Iran, Aprili 2014 manowari ya Australia ilikamata zaidi ya tani moja kwenye jahazi moja nje ya Mombasa, tani moja, na maskani wala hatukuhisi upungufu.

Sasa makosa, na haya ndo yamekula ile nusu nyota iliyobaki.

Fomu ya ridhaa ilikuwa ya Kiingereza kurasa nyingi, kaunsela akanitafsiria kwa mdomo na alitafsiri vizuri, lakini mimi nina arosto nimekaa pale namsikiliza nusu, ningetia saini hata kuuza nyumba ya mamangu. Mtu mwenye arosto asipewe fomu. Mpe dozi yake, mpe chai, mwite kesho, umsomee kwa Kiswahili na umuulize aeleze alichoelewa.

Pili, usiri. Nilipewa namba badala ya jina, na nikaambiwa damu inaondoka na namba tu. Sawa. Lakini nikauliza karatasi inayounganisha namba na jina langu iko wapi, anayo nani, polisi wakija na amri watafanyaje? Nesi alinijibu "usijali". Hilo si jibu. Sisi tunakamatwa kwa kuwa na bomba mfukoni tu. Na nchi hii tumeshaona, Februari 2015 serikali ilitoa agizo zikusanywe taarifa za watoto wa shule wanaoishi na virusi na walezi wao, na kina mama wajawazito, ilibidi watu waende mahakamani na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema agizo lile limevunja haki. Watu wakiuliza karatasi iko wapi si ujinga, wana kumbukumbu. Kaunsela yule mwalimu baadaye ndo alinijibu, karatasi iko kwenye kabati la kufuli chumba kingine na watu wawili ndo wana ufunguo, na virusi wanavyovisoma havirudi na majina. Kwa nini nisiambiwe siku ya kwanza?

Tatu, na hili linaniuma kuliko yote. Walichukua damu, wakasema tutarudi kuwaambia tuliyoyaona. Mpaka leo hakuna aliyerudi maskani kwetu. Sitaki jina la mtu, nshasema. Nataka mtu aje akae chini na sisi atuambie, katika mtaa huu virusi viko makundi mangapi, vinafanana na vya nani, vya mjini, vya bara, vya madereva wa malori, na mnashauriwa hivi na hivi. Damu ni yetu, na sisi ndo tunaokaa pale.

Na kuna wakati wa mapema 2025 misaada ya Marekani iliposimamishwa ghafla, Januari ile, kwetu mlango wa kituo ukafungwa bila tangazo. Mwelimishaji rika aliyenileta hakulipwa, mabomba yakaisha, watu wakarudi kuokota yaliyotupwa. Methadoni mi niliendelea kuipata kwa sababu naipata upande wa hospitali, wengine walihangaika. Sasa ukoo wa virusi mmeujua, kundi mmeliona, na siku linahitaji mabomba hakuna wa kuyabeba. Kama serikali yetu inasoma maoni ya watu, mabomba hayo yawe kwenye bajeti ya kaunti kama vyandarua vinavyowekwa.

Nani aende? Yeyote aliyewahi kushirikiana bomba hata mara moja, hata kama ulishaacha miaka mingi, hata kama uliolewa ukahama. Nenda asubuhi mapema kabla foleni ya methadoni haijawa ndefu, baada ya saa nne huwa pamejaa na hakuna faragha. Nenda umeshakunywa dozi. Usitoe namba ya simu ya nyumbani, waambie waje na mtu mnayemjua. Uliza kuhusu karatasi na usikubali "usijali". Ukikataa damu ya ukoo hakuna atakayekunyima dawa, hilo nimelijaribu kwa kumpeleka rafiki yangu, yeye alikataa akapewa kila kitu. Yeye yuko sawa na mimi niko sawa.

Mimi miezi mitatu baadaye, kiwango changu kimeshuka hakionekani, nilirudi nikataja watu watano. Nilikaa na kalamu nusu saa. Wawili kati yao ni wale niliokuwa nawashuku, na yule niliyetaka kumfanyia ubaya nilimwandika wa kwanza, jina la maskani, mahali anapolala, na kwamba asipigiwe simu kwa babake. Mmoja wa watano hao alikuwa ameshafariki, sikujua mpaka mwelimishaji aliporudi kuniambia hakumpata.

Na yule wa kwanza namwona siku hizi kwenye foleni ya methadoni, amenenepa kidogo, anavaa shati limepigwa pasi. Sijui kama alifuatwa kwa ajili yangu au mtu mwingine alimtaja, na yeye hajui chochote. Ananiambia vipi dadangu, namwambia salama kakangu, na dirisha likifunguliwa ananipisha nitangulie.